Mchanga wa Mirihi Tuanze Kuusoma Pwani Yetu Jambiani





Katika ukurasa huu wa maoni tunapenda kuzungumza juu ya elimu ambayo wengi wataiona iko mbali mno na sisi. Nayo ni elimu ya namna upepo unavyochukua mchanga na vumbi katika sayari na miezi mengine, huko ambako kila kitu kina uzito mdogo kuliko hapa ardhini. Wako watakaouliza: mtoto wa Jambiani ana haja gani na mchanga wa Mirihi? Hajamaliza hesabu za skuli, hajahifadhi juzuu zake, na baba yake anataka amsaidie kuvuta dau.

Maoni yetu ni kwamba haja anayo, tena kubwa. Na tunasema zaidi ya hapo: elimu hii mtoto wa Jambiani anaweza kuianza leo, bila ya roketi na bila ya kompyuta, kwa sababu nusu ya darasa lake iko pwani.

MCHANGA UNAKWENDAJE?

Tuanze na tunachokiona kwa macho. Upepo wa kusi ukishika kasi, tukipita juu ya pwani pale penye mchanga mkavu, tunahisi miguu inachomwa chomwa. Nyuso hazichomwi, ila miguu tu. Kwa nini? Kwa sababu chembe za mchanga hazipai kama ndege. Zinarukaruka chini chini: chembe inanyanyuka kidogo, inasukumwa na upepo, inaanguka, na inapoanguka inazigonga nyengine nazo zikaruka.

Mtu aliyelieleza jambo hili kwa vipimo ni Ralph Bagnold, afisa wa jeshi la Uingereza aliyetembea sana katika majangwa ya Misri na Libya kati ya miaka ya 1920 na 1930. Aliporudi kwao alitengeneza bomba kubwa la kupulizia upepo juu ya mchanga, akapima, na mwaka 1941 akatoa kitabu ambacho mpaka leo wataalamu wanakirejea. Kwa muhtasari, chembe husafiri kwa njia tatu. Zilizo kubwa hujikokota juu ya ardhi kwa kugongwa na wenzake. Za wastani, ambazo ndizo mchanga hasa, hurukaruka. Zilizo ndogo sana, yaani vumbi, hubebwa juu hewani na kwenda masafa marefu.

Hapo pana jambo la kushangaza. Mtu angedhani kwamba kadiri chembe inavyokuwa ndogo ndivyo upepo unavyoinyanyua kwa urahisi. Sivyo. Chembe iliyo rahisi zaidi kunyanyuliwa ni yenye ukubwa wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Ikiwa ndogo zaidi ya hapo, inang'ang'ania wenzake kama unga uliopata unyevu. Ndiyo maana vumbi mara nyingi huwa halinyanyuki lenyewe mpaka lipigwe na chembe ya mchanga inayorukaruka. Na ndiyo maana pia mchanga mbichi wa maji yanapokupwa hauruki hata upepo uvume vipi: maji yameufunga.

UZITO UKIPUNGUA

Sasa tuondoke Jambiani twende mbali. Mwanafunzi ambaye mzani wa dukani unamsoma kilo 50 hapa, mzani huo huo ungemsoma kiasi cha kilo 19 tu akiwa Mirihi, kilo 8 akiwa mwezini, na kilo 7 akiwa Titani, ule mwezi mkubwa wa sayari ya Zohali. Mwili wake haukupungua kitu. Kilichopungua ni nguvu ya mvutano inayomvuta chini.

Ukimuuliza mtu yeyote barazani, basi, kama mchanga wa Mirihi una uzito wa thuluthi tu na kidogo, je, upepo wa huko utauchukua kwa urahisi au kwa taabu? Atajibu mara moja: kwa urahisi. Na jibu hilo si sahihi. Mirihi hewa yake ni nyembamba mno. Mgandamizo wake haufiki hata asilimia 1 ya hewa yetu. Upepo ni hewa inayokwenda, na hewa ikiwa kidogo, hata ikienda mbio, msukumo wake ni dhaifu. Hivyo uzito umepungua, lakini mkono unaosukuma umepungua zaidi. Kuunyanyua mchanga wa Mirihi kunahitaji upepo wa kasi kubwa kuliko hapa kwetu.

Titani ni kinyume chake. Mvutano ni mdogo, kiasi cha sehemu moja ya saba ya wetu, na hewa yake ni nzito zaidi ya mara nne ya hii tunayovuta. Huko vilima vya mchanga viko kwa wingi karibu na ikweta yake, virefu kwa mamia ya kilomita, kama vilivyoonekana kwa rada ya chombo Cassini kuanzia mwaka 2005. Na mchanga wenyewe si wa mawe. Ni chembe za vitu vyenye kaboni, katika baridi ya nyuzi 180 hivi chini ya sifuri.

Mwezini nako hakuna hewa kabisa, kwa hiyo hakuna upepo. Lakini Novemba 1969 chombo cha Apollo 12 kiliposhuka karibu na chombo cha zamani kiitwacho Surveyor 3, moshi wa injini yake uliyasukuma mavumbi kwa kasi kubwa mpaka yakakipiga na kukikwaruza kile cha zamani kilichokuwa umbali wa mita 160 hivi. Chembe ile haikuwa na hewa ya kuipunguza mwendo wala mvutano mkubwa wa kuirudisha chini. Kwa hiyo watakaojenga mwezini siku za mbele watalazimika kujua mchanga unavyokwenda kabla ya kutua jirani na nyumba ya mwenzao.

Somo la kwanza kwa mwanafunzi ni hili: usihukumu jambo kwa kuangalia sababu moja tu. Uzito ni sababu moja, hewa ni ya pili, kunata kwa chembe ni ya tatu. Ukiacha moja umekosea hesabu nzima.

MWANZO NDIO MGUMU

Kwa miaka mingi palikuwa na kitendawili. Kama upepo wa Mirihi ni dhaifu hivyo, vile vilima vya mchanga vilivyoonekana huko vilitoka wapi? Wengi walidhani ni vya zamani na vimeganda. Kisha chombo Mars Reconnaissance Orbiter, kilichofika Mirihi mwaka 2006, kikaanza kupiga picha za mahali pamoja mwaka baada ya mwaka, na picha zikaonesha kuwa vilima vinahama.

Mwaka 2010 mtaalamu Jasper Kok alichapisha mahesabu yanayoeleza jambo hili. Alionesha kwamba Mirihi, kuanzisha mwendo wa mchanga ni kazi kubwa, lakini ukishaanza, upepo wa kiasi cha sehemu moja ya kumi tu ya ule wa mwanzo unatosha kuuendeleza. Sababu ni kwamba mvutano ni mdogo na hewa ni nyembamba, kwa hiyo chembe moja ikisharuka huenda juu na mbali sana, hukusanya kasi njiani, na ikianguka huwagonga wenzake kwa nguvu nao wakaruka. Upepo hauna tena kazi ya kuinyanyua kila chembe. Chembe zinanyanyuana zenyewe.

Hapa kwetu tofauti hiyo ni ndogo. Mirihi ni kubwa, na imetokana na wepesi wenyewe. Kwa hiyo wale waliosema uzito mdogo unasaidia hawakukosa kabisa. Walikosa tu kujua unasaidia wapi. Hausaidii sana mwanzo, unasaidia katika kuendelea.

WANASOMEAJE KITU KILICHO MBALI HIVYO?

Vijana wetu wengi hukata tamaa wakidhani elimu kama hii ni ya wenye mabilioni tu. Ni kweli kwamba vyombo vinavyokwenda huko ni ghali. Lakini tazameni baadhi ya njia walizotumia wataalamu wenyewe.

Huko California, katika kituo cha NASA kiitwacho Ames, lipo bomba la upepo lililoanza kutumika mwaka 1976, ambalo hewa yake hunyonywa mpaka ikawa nyembamba kama ya Mirihi. Hewa waliiweza, lakini mvutano wa ardhi haunyonyeki. Wakafanya nini? Wakachukua maganda ya jozi, wakayasaga, wakayatumia badala ya mchanga. Ganda la jozi ni jepesi kuliko jiwe, kwa hiyo chembe yake hapa ardhini ina uzito unaokaribia wa chembe ya mchanga ikiwa Mirihi. Wengine wamepanda na vyombo vya upepo katika ndege zinazopaa na kushuka kwa namna ambayo kwa sekunde 20 hivi waliomo ndani hupungukiwa na uzito. Wengine wamekwenda kutafuta mahali pa ardhini panapofanana na huko.

Na mahali hapo pengine si mbali na sisi. Karibu na bonde la Olduvai, huko Ngorongoro, pana tuta la mchanga mweusi wa majivu ya volkano, lenye umbo la mwezi mwandamo, urefu wa mita 9 hivi kwenda juu, linalohama peke yake katika uwanda. Hutajwa kuwa linasogea karibu mita 17 kwa mwaka. Mchanga wa Mirihi nao mwingi ni mweusi na ni wa volkano, na matuta ya umbo hilo yako huko kwa maelfu. Na je, mnajua mwendo wa tuta la Olduvai ulioneshwaje? Kwa nguzo zilizosimamishwa zikaandikwa tarehe. Nguzo na tarehe, basi.

Ndugu zetu wa Oman nao, ambako wengi kati yetu tuna jamaa, walikuwa wenyeji mwezi wa Februari 2018 pale wataalamu wa anga kutoka Austria na nchi nyengine walipopiga kambi katika jangwa la Dhofar na kuishi kana kwamba wako Mirihi, wakijaribu mavazi na vyombo vyao. Na Umoja wa Falme za Kiarabu uliupeleka Mirihi mwaka 2020 mtambo wake uitwao Al-Amal, ukafika Februari 2021, na miongoni mwa kazi zake ni kuangalia tufani za vumbi. Sisi ambao chuoni tunasoma sura ya 46, Al-Ahqaf, ambayo jina lake kwa Kiarabu ni vilima vya mchanga vilivyopinda, na sura ya 51, Adh-Dhariyat, inayofasiriwa kuwa pepo zenye kutawanya, hatuna udhuru wa kusema maneno haya ni mageni.

TUNGUU ILITUPITA

Wanafunzi wengi hawajui kwamba habari za anga zilishafika Unguja kabla hata baadhi ya wazee wao hawajazaliwa. Tunguu, hapo tunapopita tukienda mjini, ndipo palipokuwa na kituo cha Marekani cha kufuatilia vyombo vya mradi wa Mercury. Kilijengwa mwaka 1960. Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipoizunguka dunia, Zanzibar ilikuwa moja ya vituo vilivyomfuatilia, baada ya Kano ya Nigeria na kabla ya meli iliyokuwa katika Bahari ya Hindi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kituo kilifungwa mwaka huo huo.

Hatulisemi hili kwa kusifu wala kwa kulaumu siasa za wakati ule. Tunasema kwamba chombo cha watu kikiletwa, siku moja huondoka na wenyewe. Elimu iliyoingia kichwani mwa mtoto wa hapa haiondoki. Leo Tunguu hiyo hiyo kipo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA. Tungependa siku moja atokee mwanafunzi wa Jambiani aingie pale na daftari lake la vipimo vya mchanga, awaambie wahadhiri: haya ndiyo niliyoyapima kwetu, nisaidieni niyaelewe.

FAIDA YAKE KWETU

Wako watakaosema: hata hivyo, njaa haishibishwi na Mirihi. Ni kweli. Lakini sheria inayoendesha mchanga wa huko ndiyo inayoendesha wa hapa; kinachobadilika ni tarakimu. Anayejua kuweka tarakimu za Mirihi hatashindwa kuweka za Jambiani.

Na Jambiani inahitaji mtu wa kuziweka. Pwani yetu ni mchanga mweupe uliotokana na matumbawe na magamba ya viumbe wa baharini. Si mchanga unaoletwa na mto mkubwa. Mwamba ulioko mbele ndio kiwanda chake. Sehemu kubwa ya mchanga huo huchukuliwa na mawimbi na mikondo, na ule mkavu wa juu huchukuliwa na upepo, kaskazi ikiupeleka huku na kusi ikiurudisha kule. Mimea itambaayo juu ya pwani na mivinje huupunguza mwendo upepo, mchanga ukaanguka hapo na kujaa. Ukiing'oa mimea kwa kutaka pwani ionekane safi, ukachimba mchanga kwa kujengea, kisha ukasimamisha ukuta mbele ya bahari, umeingilia hesabu mahali patatu kwa pamoja. Matokeo yake yanaweza kumfika jirani yako wa upande wa pili, ambaye hakuchimba wala hakujenga.

Huko Lamu, vilima vya mchanga vya Shela ndivyo vinavyohifadhi maji matamu yanayotumiwa na mji. Aliyedhani ni mchanga tu, alikuwa anatazama kisima bila ya kukiona.

Siku ikija tukaitwa mkutanoni kuulizwa: hapa pajengwe au pasijengwe, mnazi huu umeanguka kwa nini, ukuta huu uvunjwe au uachwe, nani kati yetu atasema kwa vipimo? Kusema "zamani pwani ilifika kule" ni ushahidi mzuri wa wazee, na tunauheshimu. Lakini ukitiliwa na daftari lenye tarehe utakuwa na nguvu mara mbili. Pasipokuwa na daftari letu, tutasomewa la wengine.

TUFANYE NINI?

Pendekezo letu ni jepesi. Wanafunzi wa madarasa ya juu wajipange wanne wanne, na mwalimu wa sayansi wa skuli aombwe awasimamie siku za mapumziko.

Kwanza, wasimamishe vijiti vilivyotiwa alama za sentimita juu ya pwani, mahali ambapo maji hayafiki, wapime kina cha mchanga kila wiki na kuandika tarehe na upepo uliovuma. Wafanye hivyo msimu mzima wa kaskazi na msimu mzima wa kusi.

Pili, wafukie kopo mdomo wake ukiwa sawa na mchanga, na baada ya saa moja wapime kilichoingia. Hapo watapata kiasi cha mchanga unaorukaruka.

Tatu, na hili ndilo la Mirihi: watwange kifuu cha nazi, wakichekeche kwa chekecheke ile ile waliyochekechea mchanga mkavu, ili chembe ziwe za ukubwa mmoja. Kisha wavitandaze vyote viwili juu ya ubao mbele ya feni, waisogeze feni polepole, na waandike ni umbali gani kila kimoja kilianza kuruka. Kifuu ni chepesi kuliko mchanga, kwa hiyo kitawaonesha jambo lile lile walilolitafuta Wamarekani kwa maganda ya jozi: uzito ukipungua, nini kinabadilika. Wakumbuke tu kwamba hewa ya Mirihi hawanayo, hivyo wamelijibu nusu ya swali. Nusu nyengine wataifanya kwa kalamu, inshallah, watakapofika mbele.

Kwa wazee wanaochelea kwamba haya yatawapotezea watoto muda wa kuhifadhi, tunasema saa moja kwa wiki haimharibii mtu hifadhi yake. Saa ngapi kwa wiki zinapotea katika televisheni na simu, na hakuna aliyeitisha kikao?

Na kwa wanaosema jambo hili ni kubwa kuliko uwezo wetu, tunawarudisha kwenye mchanga wa Mirihi. Upepo wa huko ni dhaifu, na wataalamu walishadhani hauwezi kitu. Ikaja kuonekana kuwa chembe moja ikisharuka inatosha kuwaamsha wenzake. Tunachokitaka sisi mwaka huu si zaidi ya wanafunzi wanne, vijiti kumi na daftari moja. Toleo la mwakani tunataka vipimo vyao vichapwe katika ukurasa huu huu, badala ya maoni yetu.